Amani ya Chapa ya Moto

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, niliamka nikakuta zizi la baba lina mavi tu. Ng'ombe wote walikuwa wameshavushwa mto. Baba alisimama langoni mwa zizi ameshika fimbo yake, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Yowe lilipigwa na mama. Wanaume wakafuata nyayo mpaka mtoni, wakaona maji yamejaa, wakarudi nyumbani kula viazi. Ndiyo ilikuwa vita yetu yote. Mwaka huohuo nikaacha shule, darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu.

Sisi tuko upande wa Bukundi, ng'ambo ya mto wako Wataturu. Walituibia. Na sisi tuliwaibia. Msukuma wa kwetu anayekataa hilo ni mwongo, na waongo wa namna hiyo nimekaa nao kwenye semina na kula nao wali.

Nilipobalehe nilivuka mto kutafuta kazi kwa haohao walioitwa wezi. Mama alilia. Akasema naenda kuwafuata ng'ombe wa baba niwe ng'ombe mwenyewe. Baba tangu siku ile ya wizi alikuwa hasemi mengi, na hakuishi sana. Mimi nilikwenda kwa sababu kwetu walinipa makombo kama mshahara, na nilisikia ng'ambo mchungaji analipwa mtamba. Nilimkuta mzee mmoja wa Kitaturu, mrefu, mkavu, asiyecheka isipokuwa wakati mwingine akiwa amekasirika. Nikamchungia misimu minne. Siku ya kuondoka akanitolea mitamba wawili.

"Huyu ni wako," akasema. "Huyu mwingine ni wangu. Kaa naye kwako."

"Nikae naye mpaka lini?"

"Mpaka nikimtaka. Maziwa kunywa. Akizaa ndama wa tatu, ndama huyo ni wako. Wewe ukipata wako wengi, niletee mmoja nikae naye."

Nikafanya hivyo. Na siyo mimi peke yangu. Wenye ng'ombe wengi wa pande zote mbili walikuwa wamewekeana ng'ombe hivi tangu babu zao, ingawa wengine walikuwa wanaona haya kusema. Faida yake ni nyepesi kuelewa, hata kwa mtu aliyesoma. Siku vijana wa kwetu wakikaa kupanga kuvuka kwenda kuswaga zizi la fulani, mimi ndiye wa kwanza kuwatukana, maana ng'ombe wangu wako katika zizi hilo. Na ng'ambo vilevile. Wizi haukuisha, lakini ulikuwa na mipaka yake: waliibwa wale wasio na mtu ng'ambo. Baba yangu hakuwa na mtu ng'ambo. Nililielewa hilo nikiwa mkubwa.

Halafu ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, pamba ikanunuliwa na watu binafsi waliokuja na mizani yao na maneno matamu, na ng'ombe wakawa wanapandishwa mabehewa pale Malampaka kwa bei ambayo baba asingeiamini. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu. Nilinunua ng'ombe minadani, nikawaswaga kwa miguu mpaka stesheni, nikauza, nikarudi na bati. Sikusaidiwa na mtu.

Lakini ruksa iliwafungulia na wezi. Zamani mtu aliiba ng'ombe ili afuge, na ng'ombe anayefugwa huonekana, unaweza kumfuata ukadai. Sasa wakaiba ili wapakie lori, na ng'ombe aliyekwisha kuwa nyama mjini humfuati. Vijana wa pande zote wakaonja hela hiyo. Watu wakauana. Habari zikafika mbali, na ndipo wakaja watu wa amani.

Walikuja na gari jeupe lenye mkonga mrefu wa redio, wakapanga nyumba Bariadi. Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, na wasomi wetu kadhaa kutoka Dar es Salaam wenye viatu ambavyo udongo wetu wa mbuga ulivimeza wiki ya kwanza. Tukaitwa semina. Tukapewa fulana yenye picha ya njiwa. Mimi nikauliza kwa nini wamechora ndege anayekula mtama wangu.

"Ni alama ya amani, mzee," akasema kijana wa Dar. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu; walikuwa wakimwita mzee kila aliyevaa kofia.

"Amani na nani? Mimi huwa namrushia mawe."

Watu wakacheka, na yule Mzungu mwanamume akacheka pia baada ya kila mtu kumaliza, maana maneno yalikuwa yakisafiri: kutoka kwake kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma kwa wazee wetu, na Kitaturu kwa wengine. Neno likifika mwisho lilikuwa limechoka kama ng'ombe wa Malampaka.

Halafu tukachoreshwa mti. Karatasi kubwa ukutani, mti, na mizizi. Mizizi ni chanzo cha ugomvi, matunda ni madhara. Mmoja akasema njaa, ikaandikwa. Mmoja akasema wivu, ikaandikwa. Mwingine akasema wanawake, hiyo haikuandikwa. Tulishinda siku nzima tunalisha mti wa karatasi. Jioni posho.

Wataturu walioletwa walikuwa wenye vibanda vya chai senta, kwa sababu wanajua Kiswahili. Hawana ng'ombe, hata mkia. Mzee wangu aliitwa akakataa. Alisema anayetaka kumpatanisha aje kwanza anywe maziwa kwake. Hakwenda mtu. Walisema barabara mbaya. Barabara hiyohiyo mimi nilikuwa naipita na ng'ombe.

Siku ya mwisho ndiyo waliyoharibu. Mzungu aliuliza itajulikanaje ng'ombe wa wizi na asiye wa wizi. Mtu wetu mmoja akaropoka kwamba ni vigumu, maana ng'ombe wetu wengi wako ng'ambo na wa kwao wako kwetu. Mzungu akashtuka, akakaa sawa kwenye kiti.

"Waliuzwa?"

"Hapana."

"Waliazimwa?"

"Hapana. Wamewekwa."

"Kuna mkataba?"

"Mkataba wa nini? Ni ng'ombe."

Wakaenda pembeni na wasomi wao. Wakarudi na dawa: kila mtu arudishe ng'ombe wake kijijini kwake, kila kijiji kipewe chuma cha chapa chenye herufi zake, na baada ya pamba kuuzwa, ng'ombe yeyote atakayeonekana upande usio wa chapa yake ahesabiwe wa wizi. Makofi yakalia. Nilitazama nani anapiga makofi kwa nguvu zaidi. Alikuwa jirani yangu, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya amani. Alikuwa na majike wengi ng'ambo, wamezaa na kuzaa, na hakuwa amewahi kutoa ndama hata mmoja kwa waliomfugia. Na bei Malampaka ilikuwa juu.

Nilimfuata wakati wa kula.

"Mwenyekiti, na ndama wa mlishaji?"

"Ndama gani?"

"Unamjua."

"Chapa yangu, ng'ombe wangu. Ndiyo sheria mpya."

"Sheria ya nani?"

"Ya amani, bwana." Akacheka, kuku kwenye meno.

Ndiyo maana huwa siwalaumu Wazungu peke yao, kama wanavyopenda vijana wa siku hizi. Mzungu hakujua anachofanya, kama mtoto anayechezea kiberiti ghalani. Lakini mle ndani tulikuwemo watu wazima tuliojua ghala lina nini, na wengi wetu tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumeshapiga hesabu ya ndama. Watu wale walituletea njia ya kudhulumu kwa baraka za serikali na za Ulaya kwa pamoja. Nani angekataa?

Mimi nilikataa. Sikukataa kwa sababu ya wema. Yule mzee ndiye aliyenitoa kwenye makombo, na siwezi kumswagia ng'ombe mbele ya macho kama mwizi wa mchana. Nilisema hivyo mkutanoni kijijini. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamesimama na pinde zao, maana walikuwa wamepewa kazi ya kusimamia urudishaji, na filimbi mpya. Kamanda wao akanijibu mbele ya watu wote.

"Ukiacha ng'ombe ng'ambo wewe ni mshirika wa wezi. Tutakutenga. Moto hupewi, kisimani huchoti, salamu huitikiwi. Ukipata msiba, zika mwenyewe."

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Basi nipisheni, nina ng'ombe wa kunywesha."

Nilijifanya jasiri. Nyumbani mama alikuwa anaumwa. Alikuwa amelala upande wa kulia siku zote, anakohoa, amekuwa mwepesi kama kifuko cha udaga, muhogo mkavu. Asubuhi niliingia kumsalimu.

"Mwangaluka, mayu."

Hakuitikia kwanza. Akasema, "Nimesikia ya mkutanoni. Walete hao ng'ombe."

"Siwezi, mayu."

"Mimi Wataturu walinimalizia mume. Wewe unaniuzia kaburi langu kwao. Walete, nipate watu wa kunizika. Siombi kingine."

"Utazikwa."

"Na nani? Na mbwa wako?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na ndoo, akadakia, "Na mimi maji nichote wapi, baba watoto? Au Mtaturu wako atanipikia?"

Nilichukua mtamba mwingine zizini kwangu, mzuri, mweupe kichwani, nikamvusha mto siku ambayo watu wote walikuwa wanawaswaga wa kwao kurudi. Tulipishana kivukoni. Wakanizomea. "Huyo kaolewa na Wataturu! Anapeleka mahari!" Gari la mradi lilikuwa limesimama pale kulinda usalama, yule Mzungu mwanamke anapiga picha. Nadhani nimo katika picha hizo, mtu anayekwenda upande usio sawa.

Mzee nilimkuta amekaa mbele ya zizi lake, anawatazama jirani zake wananyang'anywa. Akaniuliza, "Umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kuongeza."

Akamtazama mtamba kwa muda mrefu, meno, kwato, mkia, kama anayenunua. Halafu akasema, "Kichwa cheupe, jua litamsumbua." Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake.

Tukatengwa. Mke wangu alichota maji mbali, kwenye lambo lenye matope, na wanawake waliokuwa wakisukana naye nywele wakawa wanageuza uso. Wanangu walicheza wenyewe kwa wenyewe. Nilipiga plau peke yangu, nikavuna pamba peke yangu, nikasafirisha peke yangu. Jirani yangu mwenyekiti akapeleka Malampaka kundi zima, na ndama ambao hawakuwa wake, akarudi na baiskeli mpya na miwani ya jua. Mradi ukaandika kwamba kazi imefanikiwa. Chuma cha chapa kilikuwa bado kina joto.

Kiangazi kikaingia, na ng'ambo wakavuka.

Hawakuchagua. Zamani angekuwepo wa kusema, zizi lile acheni, kuna jike langu. Sasa hakuna aliyekuwa na jike lake popote. Walipita nyumba kwa nyumba. Chapa zile hazikuwazuia kitu. Lori halisomi herufi. Vijana wetu wakavuka kulipiza, wawili hawakurudi. Kivuko kikafungwa, na malisho ya kiangazi na chumvi ya ng'ombe viko ng'ambo, kwa hiyo hata waliobaki wakaanza kuanguka mbugani. Harufu ilifika mpaka barabarani. Zizi langu peke yake halikuguswa, na kwa sababu hiyo watu wakasema mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Nilisikia wanajadiliana kama wanichomee nyumba sasa au wangoje mama afe kwanza, kwa heshima yake.

Mama akafa.

Alikufa asubuhi, mke wangu akapiga yowe la msiba, na hakuja mtu. Unaweza kukaa miaka mingi hujui nzengo, umoja wa majirani, ni nini, na siku ukipiga yowe likarudi kwako peke yako, unajua. Nilichukua sululu. Udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ni kama sakafu ya saruji iliyopasuka. Unapiga, sululu inaruka. Mke wangu akashika jembe. Alikuwa analia na kunitukana kwa zamu. Niliendelea kuchimba, maana yote aliyosema yalikuwa kweli, na bado ningefanya vilevile.

Jua lilipokuwa limepanda nikasikia filimbi za sungusungu upande wa mtoni, nyingi, za hatari. Nikatazama. Yowe lilikuwa limevuka mto: mzee wangu wa Kitaturu alikuwa anakuja mchana kweupe katikati ya njia, na wanawe watatu nyuma wamebeba majembe, na dume la ng'ombe limefungwa kamba. Mikuki hawakuwa nayo. Sungusungu waliwazunguka na pinde zimevutwa, wakatembea nao hivyohivyo mpaka kwangu, maana hakuna aliyejua amri ya kumpiga mtu aliyebeba jembe.

Mzee hakuwatazama. Akanisalimu, "Mwadila," kwa Kisukuma chake kibovu. Akachungulia shimo langu.

"Hili la sungura?"

"Udongo mgumu."

"Mikono laini. Biashara imekuharibu." Akawapa wanawe ishara, wakaingia shimoni. Halafu ndipo akawageukia sungusungu, kundi zima, akawahesabu kwa macho. "Ninyi mna mishale mingi na majembe machache. Kwenu mnazika kwa mishale?"

Mzee mmoja wa kwetu nyuma akakohoa kicheko. Kamanda alisimama, uzi wa upinde bado umevutwa, jasho linamtoka, halafu akaulegeza polepole, akauweka upinde chini, akamwambia kijana wa Kitaturu, "Toka huko, unachimba kama unatafuta panya." Akaruka ndani. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonekana amesimama. Wanawake wakaanza kuja na maji, na michembe ya viazi, na vilio vyao vya kuchelewa. Nilivipokea. Mama alizikwa na watu wengi kuliko alivyowahi kuota.

Mwenyekiti wa amani alikuja dume lilipokuwa limeshachunwa. Alikaa karibu na nyama.

Kwenye matanga ndipo watu walipoongea. Hakukuwa na mti wala karatasi. Mzee wangu alisema maneno machache: waliowaswaga ng'ombe na kuacha kutoa ndama wa mlishaji, wamtoe. Kisha kila mwenye zizi apeleke mtamba ng'ambo, na ng'ambo walete wa kwao. Wataturu nao watarudisha walioibwa ambao bado wapo. Waliopanda lori wamekwenda.

Mwenyekiti akapangusa midomo. "Lakini wana chapa ya kijiji. Wakionekana huko ni wa wizi, ndivyo tulivyokubaliana Bariadi."

"Bariadi mlikula nini?" mzee akauliza.

"Wali. Kuku."

"Umeshiba mpaka leo?"

Walicheka wafiwa na wasio wafiwa. Nikamwambia jirani yangu kwamba yeye ndiye atakayevuka wa kwanza, na ndama wake wote anaodaiwa, au kesho yeye ndiye atakayetengwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kutomwitikia. Kamanda akasema, "Nakubali." Ndivyo ilivyokuwa. Alivuka na miwani yake ya jua, analalamika njia nzima.

Wizi haukuisha. Sisemi uongo. Lakini kivuko kilifunguliwa, na mwenye ng'ombe akajua tena wa kwenda kumgombeza.

Mwaka uliofuata wakaja wakaguzi wa mradi, Wazungu wengine, wapya. Wakasimama kivukoni, wakaona ng'ombe wa chapa mbalimbali wanavuka pamoja, wakafurahi sana, wakapiga picha herufi. Mmoja akaniuliza kupitia kijana wa Dar, ni shughuli gani ya mradi iliyosaidia zaidi.

"Mazishi ya mama yangu," nikasema.

Kijana akanitazama, akafikiri, akamtafsiria neno fupi. Mzungu akaandika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mpaka leo sijui aliambiwa nini.

Kitu kimoja walichofanya kilifaa, na nitakisema ili nisiwe kama wao. Yule mwanamke wa picha alitengeneza josho bovu lililokuwa karibu na kivuko, na akaleta dawa, na hakuitisha mkutano. Ng'ombe wa pande zote wakawa wanaoga siku moja, wenyewe wamekaa kwenye kivuli kimoja wanangoja zamu, wanasengenya. Josho lile halikuandikwa amani popote. Labda ndiyo maana lilidumu.

Mzee wangu amekwisha kufa. Nilivuka na jembe langu.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba sita na bati la msauzi. Nina maksai wanne, plau mbili na mkokoteni mmoja. Nina shamba la pamba na la mtama, na ngitili yenye nyasi za kiangazi. Nina ng'ombe arobaini zizini, saba kati yao ni wa watoto wa yule mzee. Nina tisa ng'ambo, kwao. Nina mashine ya kusaga, inayotumia dizeli. Nina watoto wanane, watano wamesoma. Nina kiwanja Bariadi, bado hakijajengwa.